Kalala Ilunga Aliishi Lini? Masimulizi, Maandishi ya Misafara na Makaburi ya Upemba

Mgeni akiuliza mjini Kamina ni nani aliyeuasisi ufalme wa Waluba, atajibiwa mara moja kwamba ni Kalala Ilunga. Akiuliza aliishi lini, majibu yataanza kutofautiana. Mmoja atataja karne ya 16, mwingine karne ya 17, na mwingine atasema kwamba Kalala Ilunga hakuwa mtu bali ni hekaya. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa majibu hayo hayapingani kama yanavyoonekana, kwa sababu kila moja limetokana na ushahidi unaopima jambo tofauti. Kosa la wengi waliotangulia, kwa maoni yetu, lilikuwa kuzichanganya tarehe za mambo hayo na kumbandika mtu mmoja. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kulifuatilia suala hili, kwani baadhi ya maandishi ya mwanzo kuhusu wafalme wa Waluba ama yaliandikwa kwa Kiswahili ama yalipitia katika masikio ya watu waliozungumza Kiswahili.

Masimulizi yenyewe yanajulikana sana, hivyo tutayagusa kwa ufupi. Palikuwa na mtawala mkatili, Nkongolo Mwamba, mwekundu wa rangi, ambaye jina lake ndilo jina la upinde wa mvua. Mwindaji mmoja kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu na haya katika kula na kunywa, alifika kwake akapewa dada za mtawala huyo, Bulanda na Mabela. Bulanda alimzaa Ilunga. Kijana alipokua akawa mpiganaji hodari, naye Nkongolo akaingiwa na wivu, akamchimbia shimo na kulitandikia mkeka ili aangukie humo wakati wa ngoma. Mganga Mijibu wa Kalenga alimpa onyo, Ilunga akatoroka kwenda kwa baba yake, kisha akarudi na jeshi. Nkongolo alikamatwa na kukatwa kichwa, na Ilunga akatawala kutoka Munza.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni jina. Kalala si jina la kuzaliwa. Ni sifa ya kivita, na masimulizi yenyewe yanasema kwamba kijana huyo aliipata kwa ushindi wake. Tena limetumika kama cheo cha kiongozi wa vita. Ilunga nalo ni jina lililoenea mno. Katika orodha za wafalme tunakutana na Ilunga Sungu na Ilunga Kabale, na nje ya orodha hizo yupo Chibinda Ilunga, mwindaji anayetajwa katika asili ya dola ya Walunda. Kwa hiyo anayesema "Kalala Ilunga" amesema, kwa tafsiri ya karibu, "Ilunga jemadari". Mtu mmoja anaweza kuitwa hivyo. Watu watatu pia wanaweza. Msomi ambaye angekuta katika maandishi ya kale jina la mwanazuoni lililobebwa na watu kadhaa asingeanza kuhesabu miaka kabla ya kuwatenga watu hao. Kwa Kalala Ilunga kazi hiyo ya kutenga mara nyingi imerukwa.

Tuyatazame sasa maandishi yenye tarehe. Tarehe ya uhakika katika historia ya nasaba hii inapatikana mwaka 1874, pale Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipofika Kilemba katika nchi ya Kasongo Kalombo. Alikaa kwa muda mrefu akimsubiri mfalme huyo aliyekuwa safarini, na mwenyeji wake alikuwa Juma Merikani, mfanyabiashara wa misafara iliyotoka pwani. Kitabu cha Cameron kilitoka mwaka 1877. Ndani yake nchi ile inaitwa Urua, na neno hilo peke yake ni ushahidi. Kiambishi U- ni cha Kiswahili. L imekuwa r. Na b ya Kiluba, ambayo kati ya irabu hutamkwa kwa ulegevu, imetoweka. Msafara wa Cameron uliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, na mazungumzo yaliyomfikia yalikuwa yamechujwa kwa Kiswahili kabla ya kuandikwa kwa Kiingereza.

Cameron anaeleza habari ya sanamu iliyotunzwa ndani ya msitu mnene, iliyosemekana kuwa ya mwasisi wa ukoo wa Kasongo. Sanamu hiyo ilikuwa na mke, naye daima alikuwa dada wa mfalme anayetawala. Jina la mwasisi huyo, kama Cameron alivyoliandika, ni Kungwe a Banza, na cheo cha mke ni Mwali a Panga. Hakumtaja Kalala Ilunga.

Habari hii inastahili kupewa uzito kuliko ulivyozoeleka. Mke wa sanamu hatusumbui. Waluba wana desturi ya mwadi, mwanamke ambaye roho ya mfalme aliyefariki humkalia, naye hutunza masalia ya mfalme huyo katika makao yake ya zamani, yaitwayo kitenta. Sikio lililozoea Kiswahili liliposikia mwadi lilipata neno lake lenyewe, mwali, na ndilo likaandikwa. Lakini Kungwe ni nani? Kishawishi cha kumfanya kuwa Nkongolo ni kikubwa, maana sauti zinakaribiana. Hata hivyo, kama Luba ilikuwa Rua, tungetarajia Nkongolo awe Kongoro au jambo linalofanana na hilo, si Kungwe. Na tena ni vigumu kuamini kwamba ukoo ungemwabudu kama mwasisi yule aliyekatwa kichwa na mwasisi wake. Wengine wataona Banza kuwa ni lile lililomo katika cheo cha Inabanza, mtunzaji wa alama takatifu za ufalme. Huenda. Kufanana kwa silabi mbili hakutoshi kumtambua mtu. La kusisitizwa hapa ni dogo lakini imara: ushahidi wa kwanza wenye tarehe kuhusu mwasisi wa ukoo huu una jina jingine, na kila anayeandika historia ya Kalala Ilunga anawajibika kulitolea maelezo badala ya kulipita kimya.

Maandishi ya pili ni ya Kiswahili kabisa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika maisha yake baada ya kurudi Unguja katika miaka ya 1890, na Heinrich Brode akayachapisha nchini Ujerumani mwaka 1902 na 1903, W. H. Whiteley aliyatoa upya mwishoni mwa miaka ya 1950. Wasomaji wa jarida hili wanakijua kisa cha Utetela: jinsi Tippu Tip alivyosikia kwamba dada wawili wa mtawala Kasongo Rushie walitekwa zamani vitani, na jinsi alivyojitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wao kupitia kwa bibi mzaa mama. Kasongo Rushie aliamini, au aliona faida ya kuamini, akamkabidhi nchi. (Kasongo huyu asichanganywe na Kasongo Kalombo wa Urua.) Wasomaji wengi wameichukua nasaba hiyo kuwa ni hila, na sisi hatuoni sababu ya kufikiri vingine.

Lililo muhimu kwetu ni jina la mfalme aliyewateka akina dada hao. Tippu Tip anamwita Rungu Kabare Kumambe, mtawala mkuu wa Urua wa zamani. Hapa utambuzi unawezekana. Kabare ni Kabale kwa kanuni ile ile iliyoifanya Luba kuwa Rua. Rungu ni Ilunga aliyepoteza irabu ya mwanzo na ambaye l yake imekuwa r. Irabu ya mwisho haifuati kanuni yoyote tunayoweza kuionyesha, na tunalikiri hilo. Lakini majina mawili yaliyofuatana, katika nchi hiyo hiyo, yakiwa ya mfalme mkubwa aliyefahamika kwa vita vyake, yanamwelekea mtu mmoja tu katika orodha za Waluba: Ilunga Kabale, aliyemtangulia Kasongo Kalombo, na ambaye wanahistoria humweka takriban kati ya mwaka 1840 na 1870.

Tukishamtambua, tunakutana na tatizo. Tippu Tip alizaliwa karibu na mwaka 1837. Bibi yake mzaa mama, kama alitekwa kabla ya kumzaa mama huyo, alitekwa si baada ya miaka ya 1810 au 1820. Wakati huo Ilunga Kabale hakuwa ametawala. Kwa hesabu za kawaida aliyetawala alikuwa Kumwimba Ngombe. Kwa hiyo vita hivyo ama havikupata kutokea kama vilivyosimuliwa, ama vilipiganwa na mfalme wa awali na baadaye vikahamishiwa kwenye jina lililokuwa bado linatisha katika miaka ya 1870. Tunaegemea jibu la pili, kwa sababu Tippu Tip hakukibuni kisa cha kutekwa. Alikikuta kwa wenyeji akajitia ndani yake. Ikiwa ndivyo, basi katika muda wa miaka 50 au 60 tu tendo la mfalme mmoja lilikwisha kuhamia kwa mrithi wake. Msomaji ajiulize ni matendo mangapi yaliweza kuhamia kwa Kalala Ilunga katika miaka 200 au 300.

Sasa tuzigeukie orodha za wafalme, ambazo ndizo zilizozaa tarehe nyingi zinazozagaa vitabuni. Edmond Verhulpen alichapisha orodha yake mwaka 1936 katika kitabu chake juu ya Waluba wa Katanga. Mtawala wa kikoloni D'Orjo de Marchovelette alitoa historia ya himaya ya Kabongo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mmisionari Harold Womersley, aliyeishi kwa Waluba kwa miongo mingi, alitoa kitabu chake mwaka 1984. Kati ya Kalala Ilunga na Ilunga Kabale wanatajwa watawala zaidi ya kumi, na mfuatano haufanani kila mahali. Mwanahistoria huchukua idadi hiyo, akaizidisha kwa wastani wa miaka ya kila utawala, kisha akarudi nyuma kutoka mwaka 1870. Tufanye hesabu hiyo wenyewe kwa watawala 13. Wastani ukiwa miaka 15, Kalala Ilunga anaanza kutawala mwaka 1675. Wastani ukiwa miaka 27, anaanza mwaka 1519. Tofauti ni zaidi ya miaka 150, na hakuna lililobadilika isipokuwa namba ambayo mwandishi aliichagua mezani pake. Tena kaka aliweza kurithiwa na mdogo wake baada ya vita vifupi, hivyo utawala haulingani na kizazi. Na aliyeshindwa haraka aliweza kufutwa katika orodha.

Kwamba orodha hizi zilikusanywa katika mazingira gani, nalo si jambo dogo. Baada ya kufa kwa Kasongo Kalombo, urithi uligombaniwa, na mwishowe utawala wa kigeni ukazitambua himaya mbili, ya Kabongo na ya Kasongo Niembo. Kasongo Niembo aliupinga utawala huo hadi alipokamatwa mwaka 1917 na kupelekwa uhamishoni. Ofisa aliyekuja na daftari kuuliza nasaba hakuwa mtafiti tu; ndiye aliyeweza kuamua nani atambuliwe, mpaka upite wapi, na ushuru uende kwa nani. Wazee waliojibu walilijua hilo. Hatusemi kwamba walidanganya. Tunasema kwamba swali "nani alimzaa nani" lilikuwa kesi kabla halijawa historia, na kwamba kila ukoo ulikuwa na sababu ya kuufikisha mstari wake hadi kwa Kalala Ilunga bila pengo. Hadi leo, mtu wa Haut-Lomami anapotaja tarehe ya mwasisi, mara nyingi anagusa pia ukubwa na udogo wa nyumba zilizopo.

Ilijaribiwa njia nyingine, ya kupitia magharibi. Kwa masimulizi ya Walunda, Chibinda Ilunga alimwoa malkia Ruwej, na kaka wa malkia, Kinguri, akaondoka kwa hasira kuelekea magharibi mpaka akakutana na Wareno wa Angola. Wareno waliandika tarehe. Kwa hiyo, ilidhaniwa, tukiipata tarehe ya Kinguri tutampata Chibinda, na tukimpata Chibinda, anayesemwa kuwa wa damu ya Kalala Ilunga, tutampata Kalala Ilunga mwenyewe. Jan Vansina na David Birmingham walijadiliana juu ya tarehe hiyo katika miaka ya 1960. Mnyororo huu ulikatika pale Joseph Miller alipoonyesha mwaka 1976 kwamba Kinguri ni jina la cheo lililorithiwa na watu wengi, na kwamba udugu unaotajwa ni udugu wa vyeo, usiokufa watu wanapokufa. Miaka ya safari ya cheo si miaka ya maisha ya mtu.

Huenda msomaji atauliza: je, Waluba wenyewe hawakuwa na kumbukumbu iliyoandikwa kwa namna yao? Walikuwa nayo, nayo ni lukasa. Ni ubao unaotosha mkononi, uliopambwa kwa shanga na kauri au kuchongwa alama, ambao wataalamu wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto na kuufuata kwa kidole cha mkono wa kulia huku wakisimulia. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia ya safari ya Mbidi Kiluwe. Thomas Reefe aliandika juu yake mwaka 1977, na Mary Nooter Roberts na Allen Roberts wakaueleza kwa mapana mwaka 1996. Lakini lukasa haikukusudiwa kuhifadhi miaka. Ubao ule ule husomwa tofauti kulingana na msomaji, hadhira na jambo lililo mbele yao. Unahifadhi mahali na uhusiano: nani alipita wapi, nani alikaa karibu na nani. Anayeutafutia tarehe anaudai kitu ambacho haukukopeshwa.

Upo ushahidi mmoja tu wenye miaka yake wenyewe, nao umo ardhini. Mashariki ya Kamina, kando ya Lualaba na maziwa ya Bonde la Upemba, yamelala makaburi ya zamani sana. Jacques Nenquin alichimba Sanga, kwenye Ziwa Kisale, mwaka 1957, na mwaka uliofuata akafanya kazi hiyo pamoja na Jean Hiernaux. Kaboni ya kwanza kupimwa ilitoa karne ya 8 na ya 9, tarehe ambazo wakati huo wachache walizitegemea. Katika miaka ya 1974 na 1975 Pierre de Maret alirudi Sanga na kuchimba pia Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu, akapata mfuatano mzima: tabaka la Kamilamba katika karne ya 7 hivi, kisha Kisale ya mwanzo na Kisale ya kilele hadi karibu na karne ya 13, kisha tabaka la Kabamba lililofikia karne ya 18 na kuungana na Waluba wanaojulikana. Hakuna pengo la watu kuondoka na wengine kuingia. Katika Kisale ya kilele kuna vyungu vizuri, mapambo ya shaba iliyotoka kusini, na kauri za Bahari ya Hindi. Kisha misalaba ya shaba inaongezeka, na baadaye inapungua ukubwa na kulingana kwa umbo kiasi cha kuonekana kuwa ni fedha.

Kaburi moja la Kamilamba, la Kisale ya mwanzo, ndilo linalogusa mada yetu moja kwa moja. Mwanamume alizikwa na shoka la heshima, mpini wake umepigiliwa misumari, na karibu na kichwa chake imewekwa fuawe ya chuma. Shoka la namna hiyo na fuawe ni miongoni mwa alama za utawala wa Waluba hadi nyakati za karibuni, na katika kumtawaza mfalme uhunzi una nafasi yake. Yaani, alama ambazo masimulizi yanaziunganisha na utawala mpya ulioletwa na Mbidi na mwanawe zilikuwa zikizikwa na wakubwa wa Upemba karne kadhaa kabla ya miaka ambayo kwa kawaida hukisiwa kwa Kalala Ilunga.

Wapo waliotumia kaburi hili kumrudisha Kalala Ilunga nyuma hadi karne ya 9 au ya 10. Hatukubaliani nao. Kaburi lina tarehe lakini halina jina. Orodha ina majina lakini haina tarehe. Na kuviunganisha kwa sababu tu vinakutana Upemba ni sawa na kuchukua kofia iliyookotwa njiani na kumvika mtu wa kwanza anayepita. Kinachothibitishwa na kaburi ni kwamba heshima ya mhunzi na mtawala ni ya wenyeji na ni ya zamani. Mbidi Kiluwe, kwa hiyo, hawezi kuwa aliyeileta kutoka nje. Hapa Luc de Heusch, aliyesoma masimulizi haya mwaka 1972 kama fikra juu ya mvua, kiangazi, adabu na ukatili, yuko karibu na ukweli kuliko waliotafuta kijiji cha Mbidi kwenye ramani. Reefe naye, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alikataa kuwahesabu Nkongolo na Kalala Ilunga miongoni mwa wafalme wa kihistoria, akaanza na watawala ambao makao na vita vyao vinaweza kufuatiliwa, ambao hawaendi mbali nyuma ya mwaka 1700.

Tunamfuata Reefe kwa tahadhari moja. Kuwakataa wote wawili kwa pamoja ni kurahisisha. Nkongolo ni upinde wa mvua, na sioni namna ya kumtia katika kalenda. Kalala Ilunga ana jina la binadamu, cheo cha kivita, na makao yanayotajwa kwa jina. Yamkini ni jemadari mmoja au zaidi wa kabla ya mwaka 1700, ambaye matendo ya wengine yalimwangukia kama vita vya Kumwimba Ngombe, kwa dhana yetu, vilivyomwangukia Rungu Kabare. Katika kufundisha, tungependekeza mwalimu aandike ubaoni tarehe tatu mbalimbali bila kuzitia mstari wa kuziunganisha: alama za utawala, karne ya 8 hadi ya 10, nasaba inayoweza kufuatiliwa, karibu na 1700, mfalme wa kwanza ambaye mwandishi alifika katika nchi yake, 1874. Jina la Kalala Ilunga lisiandikwe mbele ya yoyote kati ya hizo.

Kungwe a Banza bado anasubiri. Wanafunzi wetu wenye Kiluba cha nyumbani, hasa wanaotoka upande wa Kabongo na Kamina, ndio wenye uwezo wa kulisikiliza jina hilo kama Cameron asivyoweza kulisikia, na kuwauliza watunzaji wa kitenta wanaolijua. Tungewaomba waulize kwanza bila kulitaja jina la Kalala Ilunga.